Shuka Jeupe la Saa Nane Usiku

Inspekta Wubit Nadew aliitazama ile video kwa mara ya kumi na moja, na kwa mara ya kumi na moja hakuona mtu. Aliona weupe. Weupe ulitokea kushoto, ukavuka ua, ukaingia katika chumba cha marehemu kilichojengwa peke yake karibu na ukuta, na baada ya dakika nne ukatoka umekumbatia kitu. Kichwa weupe, mwili weupe isipokuwa doa jeusi kifuani, miguu haikuonekana kabisa. Saa ya pembeni mwa picha ilionyesha kuwa ni saa nane na dakika kumi, usiku wa kuamkia Jumatano.

“Unatafuta nini tena, binti?” aliuliza Sileshi, mwenye simu. “Huyo ni Bogale. Nyumba hii sote tumevaa nyeusi kwa ajili ya msiba. Anayevaa nyeupe usiku ni mmoja tu, mlinzi na gabi lake.”

Hoja yake ilikuwa na mashiko, tusimwonee. Hapa Shiro Meda, chini ya mlima Entoto, baridi ya mwezi wa Hidar haina mzaha, na hakuna mlinzi asiyejifunika gabi, lile shuka zito la pamba, kuanzia utosini hadi magotini. Sileshi alikuwa kaka wa mjane, mtu wa suti nyeusi na sauti ya kuita watu mkutanoni. Ndiye aliyeitafuta hiyo video, ndiye aliyewaonyesha majirani, ndiye aliyewaita polisi. Bogale alikamatwa Alhamisi asubuhi. Sasa ilikuwa Ijumaa jioni, na kesho yake saa tatu angesimamishwa mbele ya hakimu, maana sheria haimruhusu polisi kumshikilia mtu zaidi ya saa arobaini na nane. Mkubwa wa Wubit kituoni alikwisha kusema faili limekamilika. Mtuhumiwa yupo, video ipo, shuka lipo. Kilichokosekana ni kitu kilichoibiwa tu, na hicho, alisema, mzee atakitapika mwenyewe akishaonja gereza.

Kilichoibiwa kilikuwa kitabu. Zaburi ya Daudi, kurasa zake za ngozi ya mbuzi, imeandikwa kwa mkono tangu enzi za babu wa babu, nayo ilikuwa ikiandikwa majina ya kila aliyezaliwa katika ukoo. Mwenye nacho, mzee Ambaw Kelkile, mpima ardhi mstaafu, alifariki wiki mbili zilizopita. Kabla ya kufa alimwagiza padri wake, Abba Kidanu, aje akichukue siku ya kumi na mbili ya msiba, na siku ya arobaini akisome mbele ya ndugu wote. Padri akaja siku hiyo ya Jumatano. Akaufungua mkoba wa ngozi uliotundikwa ukutani, akakuta kitambaa cha kukifungia tu, kimekunjwa vizuri pembe kwa pembe.

Hicho kitambaa ndicho kilichomzuia Wubit kutia saini. Alikwisha kuona wizi mwingi katika miaka yake kumi na sita, lakini mwizi anayekunja kitambaa gizani hakuwahi kumwona.

Mchana ule alikuwa amekwenda rumande kumhoji Bogale kwa mara ya pili. Mzee aliketi sakafuni, mikono juu ya magoti, akajibu kila swali kwa sauti ile ile. Saa nane usiku hakuwa uani. Alikuwa nje ya lango na rungu lake, akimfukuza fisi aliyeshuka kutoka mlimani kuja kuchakura takataka. Nani alimwona? Fisi. Askari wa zamu alicheka mpaka akafuta machozi. Wubit hakucheka, ila aliandika jibu hilo kama lilivyo, na akaweka mstari chini yake.

Aliporudi akamweleza Sileshi, Sileshi naye akapata la kusema.

“Leo fisi. Kesho atasema simba, na keshokutwa malaika.”

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo walivyosema wazee wetu, na Bogale hakuwepo. Basi Wubit aliamua kumtetea kwa kitu kimoja tu alichokuwa nacho, nacho ni ile kamera yenyewe. Alimwita Mekbib.

Mekbib alikuwa fundi wa kamera za ulinzi, mtu mwembamba mwenye maneno mengi kuliko nyaya, aliyefunga kamera katika nusu ya nyumba za mtaa ule. Alifika saa kumi na moja na nusu akiwa na ngazi begani. Akasimama katikati ya ua, akaitazama kamera iliyobanwa chini ya paa, kwenye kona, karibu kabisa na ukuta uliopakwa chokaa.

“Nani kaifunga hii?” aliuliza.

“Mimi mwenyewe,” alisema Sileshi kwa fahari.

“Inaonekana.”

Wubit alimkataza asiguse chochote kwanza. Alipima kwa futi kamba kutoka ardhini hadi kwenye kioo cha kamera, akapima kutoka kwenye kamera hadi mlango wa chumba cha marehemu, akapiga picha namna ilivyoelekezwa, kisha akainakili video yote ya usiku ule kwenye kadi mpya na kuitia katika bahasha. Etalem, mpishi wa nyumba, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye gauni jeusi na kitambaa cheusi kichwani, aliitwa kutia saini kama shahidi. Alitia saini kwa shida, kisha akaenda kuleta kahawa na bisi za shayiri, maana msiba au polisi, mgeni ni mgeni.

Walipokuwa wakinywa, Mekbib alieleza ubovu wa kamera kama daktari anayesoma cheti cha mgonjwa. Kwanza imekaa karibu mno na ukuta mweupe. Usiku kamera hii inawasha taa zake yenyewe, taa ambazo jicho la mtu halizioni, ukiacha vidoa vyekundu kuzunguka kioo. Mwanga ule unapiga ukuta, unarudi, unaipofusha. Pili, kioo kimejaa vumbi na utando wa buibui, na utando huo nao unang’aa. Tatu, taa ya barazani inachungulia ndani ya picha, kwa hiyo kamera inadhani kuna mwanga wa kutosha na kule mbali inaacha giza, hata lango halionekani. Nne, aliyeifunga kaiambia ikusanye mwanga polepole ili picha iwe angavu, na ndiyo maana mtu akitembea anageuka moshi.

“Kwa hiyo haifai?” aliuliza Wubit.

“Inafaa. Ni kama mtu mwenye macho mazuri aliyeambiwa asimame akiangalia jua.”

Giza lilipoingia, Wubit alimwomba azime taa zote za ua isipokuwa ile ya barazani, kama ilivyokuwa Jumanne usiku, na asibadilishe kitu. Alitaka kwanza kupita njia ile ile mwenyewe. Alifunga vifungo vya koti lake jeusi, akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, akatoka kushoto, akavuka ua hadi mlango wa chumba cha marehemu na kurudi. Mekbib alikuwa ameshika simu. Sileshi alikuwa amesimama nyuma yake. Wubit alipowafikia, Sileshi alikuwa ameacha kutafuna shayiri.

Akageuziwa simu. Akajiona anavuka ua, mweupe pepe, kama aliyejifunika gabi.

Wubit alilitazama koti lake. Jeusi. Alilipeleka chini ya taa ya baraza akaligeuza ndani nje, nje ndani. Jeusi, lile lile alilonunua kwa ajili ya msiba wa baba yake. Akatazama tena simu. Ngozi ilimsisimka kuanzia shingoni hadi viganjani, na hakuona haya kulisema.

“Mekbib, hiki ni nini? Mimi naogopa.”

“Usiogope, Inspekta. Mwaka wa tisa huu nafanya kazi hii na mwili bado unanisisimka.” Kwa mara ya kwanza jioni ile aliongea taratibu. “Huu mwanga hauijui rangi. Rangi nyeusi inakamata mwanga wa mchana, huu wa kamera inauachia upite. Unapenya mpaka kwenye uzi wenyewe, unarudi. Kamera haikuoni ulivyovaa. Inaona nguo ilivyokuwa kabla ya kutiwa rangi.”

“Nguo zote?”

“Si zote. Kuna rangi zinaupitisha, kuna rangi zinaumeza. Kiwandani wanajua kwa nini. Mimi najua kwa kuona tu.”

Wakampitisha Sileshi na suti yake ya sufu. Alipita akijikohoza, kifua mbele, na katika simu alitoka mweusi tii kama mkaa. Hilo lilimfurahisha sana. Akasema wameona wenyewe kwamba yeye hana hatia, ingawa hakuna aliyekuwa amemtuhumu. Kisha taratibu uso wake ukabadilika, maana hata yeye hakuwa mjinga. Kama nyeusi inaweza kutoka nyeupe, basi video yake haikuwa na mlinzi ndani yake. Ilikuwa na mtu yeyote.

Wubit alimwambia Mekbib sasa airekebishe, airekebishe kweli, kama angeifunga kwa mama yake.

Kazi ilichukua saa moja na nusu. Mekbib aliing’oa kamera penye kona, akaisogeza mkono mzima kutoka ukutani kwa kipande cha chuma, akaiinamisha kidogo ili isitazame mbingu. Alifuta kioo kwa kitambaa laini, akafagia utando, akaipa taa ya baraza kikofia cha bati. Taa za kamera yenyewe akazizima kabisa, na badala yake akafunga taa nyingine ya namna ile ile kwenye nguzo ya mbali, iwamulike watu kwa ubavu bila kuwapiga usoni. Mwisho akaingia katika simu akapunguza huku, akaongeza kule, akimtuma Etalem apite na sinia, asimame, akimbie, ageuke. Kila alipopita picha ilizidi kutulia. Ukaonekana ukingo wa sinia, ikaonekana mikunjo ya gauni lake lililokuwa jeupe bila doa, kikaonekana hata kidole chake kilichofungwa kitambaa kwa kukatwa na kisu.

Kisha lango likatokea. Mpaka sasa lango lile halikuwa katika picha, lilikuwa giza tu. Sasa nondo zake zilihesabika, na nyuma ya nondo barabara, na ng’ambo ya barabara ukingo wa korongo.

“Etalem, simama hapo hapo,” alisema Mekbib kwa sauti ya chini. “Usigeuke.”

Kitu kilikuwa kimepanda kutoka korongoni. Kilikuja bila haraka, mabega juu, makalio chini, kikasimama mbele ya lango, umbali wa hatua tano tu kutoka mahali Etalem alipokuwa amesimama na sinia. Kwa macho Wubit hakuona chochote pale, giza tupu, na hakusikia hata unyayo. Katika simu fisi alikuwa kamili, shingo nene, masikio ya mviringo, madoa yake yote yakiwa yamefifia, na macho yake mawili yakiwaka kama sarafu. Aliinua pua akanusa nondo. Alikaa hapo muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu. Halafu akaenda zake kwenye takataka.

Wubit alijikuta ameushika mkono wa Mekbib. Miaka arobaini na mbili ameishi katika mji huu, analala, anaamka, na kila usiku hawa wanapita mlangoni pake kimya kimya. Ya Mungu mengi, alisema, na Mekbib akaitikia amina.

Sileshi hakusema simba. Aliketi kwenye ngazi ya baraza, akavua kofia.

Kwa hiyo maneno ya Bogale yalikuwa yamesimama kwa miguu yao. Lakini fisi wa Ijumaa si ushahidi wa Jumanne, Wubit alilijua hilo, na hakimu angelijua pia. Alihitaji jina. Alimwuliza Etalem kuhusu nguo za msiba, zimetoka wapi. Etalem alisema zake na za mama mwenye nyumba hazikununuliwa. Siku ya pili ya matanga walichemsha rangi nyeusi ya soko katika chungu kimoja, wakatumbukiza humo magauni yao meupe ya pamba, kama wafanyavyo wanawake wote wenye msiba. Alikuwa na magauni mangapi? Moja, hili. Na mama? Moja, lile aliloketi nalo ndani.

Watu wawili, basi, na chungu kimoja. Wubit aliingia sebuleni.

Mjane, Weyzero Askale, yaani Bibi Askale, alikuwa ameketi kwenye kigoda cha chini tangu asubuhi, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na nne, nywele zimekatwa fupi kwa ajili ya mume, chini ya kitambaa cheusi. Alikuwa amesikia pilikapilika za uani bila kuuliza. Wubit alimwita Etiye, kama anavyoitwa mwanamke aliyekupita umri, akamwambia kwamba wanajaribu kamera na kila mtu wa nyumba amepita, amebaki yeye. Askale aliinuka bila kusita. Alitoka kushoto, mlango wa jikoni, akavuka ua kwa hatua zake ndefu, akafika mlango wa chumba cha mumewe, akageuka.

Mekbib aliinama juu ya simu, akaganda.

Alikuwa mweupe kama Etalem, weupe ule ule wa chungu kimoja. Ila juu ya weupe huo, kifuani, ulisimama msalaba wa darizi, mikono yake imesukwa kama mizabibu, na kutoka chini ya msalaba darizi iliteremka kama mto mpaka kwenye pindo, na pale ikagawanyika kulia na kushoto kuzunguka gauni zima. Kila mshono ulionekana. Wubit alitoka barazani akamsogelea mjane hadi karibu, akatazama kifua chake kwa macho. Kitambaa cheusi, hakina kitu. Akarudi kwenye simu. Msalaba.

“Darizi ni ya uzi mwingine,” alinong’ona Mekbib. “Rangi yake ya zamani inaumeza mwanga. Chungu kimeifunika kwa macho yetu, lakini kwa huyu,” akaionyesha kamera, “chungu hakikufunika kitu.”

Wubit aliirudia video ya Jumanne kwenye simu ile ile. Aliisogeza video mpaka pale weupe ulipogeuka mlangoni, akaisimamisha. Katikati ya ule moshi palikuwa na doa jeusi la kwenda chini, na juu yake doa jingine la kukatiza. Wote walikuwa wameliona tangu mwanzo. Sileshi alisema ni mkunjo wa gabi, mkubwa wa Wubit akaandika ni kivuli cha kitabu. Aliziweka picha mbili sambamba, akazitazama mpaka akatosheka, kisha akamwambia Sileshi abaki nje. Sileshi hakubisha.

Ndani, Wubit aliketi sakafuni karibu na kigoda, akampa mjane simu mkononi bila kueleza. Aliifungua picha ya usiku huu kwanza.

Askale aliitazama muda mrefu sana. Kidole chake kilikwenda kwenye kioo, kikafuata mzabibu kutoka kifuani hadi chini.

“Hili gauni nalijua,” alisema. “Mama alilidarizi miezi saba. Nililivaa siku moja tu maishani, siku niliyoolewa. Alipokufa Ambaw nililitia mwenyewe chunguni, nikakandamiza kwa mwiko mpaka likazama, nikasema basi, limekwenda naye. Inspekta, limerudije?”

“Halikwenda, Etiye. Lilikuwa chini ya rangi.”

Mjane alijishika kifua, penye msalaba asiouona, kama anayepapasa kama upo. Wubit akafungua picha ya pili. Askale alitazama mara moja tu, akarudisha simu, akainuka akaenda stoo. Alisikika akifunua pipa la teff. Aliporudi, mikono yake ilikuwa na vumbi la nafaka mpaka kwenye viwiko, na juu yake kitabu kinene kimefungwa ndani ya foronya safi.

“Usiku ule ule nilikwenda nacho jikoni,” alisema. “Moto ulikuwa hai chini ya majivu. Nikapiga magoti, nikapuliza, ukawaka. Mkono ukakataa. Ningemchoma Daudi, mimi? Ningekufa nikamwambia nini Mungu?”

“Kwa nini ulitaka kukichoma?”

“Fungua mwishoni.”

Kurasa za mwisho zilikuwa majina. Yaliandikwa kwa wino mwekundu uliopauka, kwa wino mweusi wa masizi, kwa mikono ya watu waliokufa kabla mji huu haujawa mji: fulani mwana wa fulani, amezaliwa siku ya mtakatifu fulani. Harufu ya ubani ilipanda kutoka katika ngozi. Wubit alifungua polepole, kwa ncha za vidole, na aliona aibu kwamba hakuwa amenawa. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa wa kalamu ya kawaida, na mwandiko ulitetemeka kama wa mgonjwa. Aliusoma mara mbili. Kisha akausoma mara ya tatu kwa sauti ya chini, na kwenye daftari lake akaunakili neno kwa neno.

Askale alikuwa akieleza huku ameuinamia mkeka. Mumewe alimwambia wiki moja kabla ya kufa, na alimwambia pia kwamba Abba atausoma mstari huo siku ya arobaini mbele ya watu wote. Yeye hakumzalia mtoto. Nyumba ilikuwa ya baba mkwe. Angekwenda wapi, na angewatazamaje majirani?

“Na Bogale ukamwacha aende rumande,” alisema Wubit.

“Kaka yangu alipoonyesha ile video, watu wote walisema Bogale kabla mimi sijafungua mdomo. Nikanyamaza. Kunyamaza ni kazi rahisi mno, mwanangu. Unaamka asubuhi unakuta umeshaifanya.”

Hakulia. Aliuliza kama anaweza kubadilisha gauni kabla ya kwenda kituoni, na Wubit akamwambia kwa upole kwamba gauni hilo sasa ni kielelezo, atalivua mbele ya askari wa kike na watalitunza vizuri. Abba Kidanu aliamshwa akaja kukitambua kitabu. Alipokishika mikononi alilibusu jalada, akalifunika kwa shuka lake. Mekbib alikunja ngazi yake. Hakudai sifa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Ilikuwa saa saba na nusu usiku Wubit alipomwamsha mkubwa wake kwa simu. Mkubwa alilalamika, akauliza maswali manne, akasema atatia saini. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mlango wa rumande ukafunguliwa.

Bogale hakuwa amelala. Aliinuka kwa heshima, mkono mmoja ukutani, akangoja aambiwe aende wapi.

“Gashe, uko huru,” Wubit alimwambia, kwa jina la heshima la mwanamume aliyekupita umri. “Kitabu kimepatikana. Hukukiiba wewe, na fisi wako nimemwona kwenye kamera.”

Mzee aliinamisha kichwa, akashukuru, akaanza kutafuta viatu vyake. Wubit alimwomba aketi kidogo. Alifungua daftari chini ya taa ya ukumbi, akamwambia kwamba kuna maneno yameandikwa nyuma ya kitabu na marehemu, kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba yanamhusu yeye. Akamsomea:

“Bogale, mwana wa baba yangu Kelkile kwa Zewde, msokota nyuzi. Ni ndugu yangu. Nimelijua hili tangu ujana wangu nikalinyamazia kwa aibu ya nyumba yetu. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hatujawahi kuandika uongo. Nyumba ya baba ni yake pia.”

Bogale alikaa na kiatu kimoja mkononi. Wubit alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa kelele, kwa kuzimia. Mzee alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha.

“Ameliandika,” alisema.

“Ulikuwa unajua?”

“Mama aliniambia kabla hajafa.”

“Ukaenda kuomba kazi kwa ndugu yako bila kumwambia?”

“Nani kakwambia niliomba kazi, mwanangu? Mimi ni mfumaji. Nilikuwa na kitanda changu cha kufumia pale sokoni, nafuma mashuka. Siku ile nilivaa nguo safi nikaenda kumsalimia kaka yangu, basi. Alifungua lango mwenyewe. Akanitazama usoni, akanitazama sana, nikajua amenijua. Halafu akaniuliza, ‘Umekuja kwa ile kazi ya ulinzi?’” Bogale alivaa kiatu, akafunga kamba, akakaza. “Mdogo hamsahihishi mkubwa wake. Nikasema ndiyo. Nikamlindia lango miaka kumi na tisa, nangoja aniulize tena.”